Titlis, Zugspitze au Aiguille du Midi: mlima gani wa theluji unaifaa familia yako kwa safari ya siku moja?

Familia inayotoka Dar es Salaam, Mombasa au Maskati kwenda Ulaya kuwatembelea ndugu huwa na ombi moja ambalo hutoka kwa watoto kabla hata mizigo haijafunguliwa, nalo ni kuigusa theluji. Mwenyeji wao, ambaye mara nyingi ana siku moja tu ya mapumziko katika juma, hulazimika kutafuta mlima ambao msafara mzima unaweza kuupanda asubuhi na kushuka jioni bila mtu yeyote kutembea kwa taabu. Jibu la kawaida ni gari la kebo, yaani kile kibanda kinachoning'inia kwenye nyaya nene za chuma na kuvutwa na mitambo ya umeme hadi kileleni. Katika milima ya Alpi magari ya aina hiyo ni mengi mno, kwa hiyo hapa ninalinganisha vilele vitatu tu: Titlis nchini Uswisi, kwa walio Zurich au Luzern; Zugspitze nchini Ujerumani, kwa walio Munich; na Aiguille du Midi nchini Ufaransa, kwa walio Geneva. Nchi zote hizo zimo katika eneo la Schengen, hivyo aliyeingia kwa viza ya Schengen anaweza kuchagua mlima wowote kati ya hiyo mitatu, ila asiache pasipoti nyumbani, kwani ukaguzi unaweza kufanyika ndani ya treni au basi linalovuka mpaka.

Nimeipanda yote mitatu, kila mara nikiwa na jamaa wa rika tofauti, na safari hizo zimenifundisha kumtazama kwanza mtoto mdogo kuliko wote na mzee kuliko wote katika msafara, ndipo niulize habari za mandhari na bei. Familia nyingi hufanya kinyume chake: huchagua mlima kwa picha waliyoiona, kisha hugundua mlangoni, tiketi zikiwa mkononi, kwamba mmoja wao haruhusiwi au hawezi kupanda.

Urefu, kwa kipimo cha Kilimanjaro

Tarakimu za urefu hazina maana kubwa kwa mtu ambaye hajawahi kupanda, lakini sisi tuna kipimo chetu nyumbani. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, kwenye mita 2,720 hivi, na usiku wa pili Horombo, kwenye mita 3,720, huku waongozaji wakimhimiza kwenda polepole ili mwili uizoee hewa nyepesi. Kilele cha Zugspitze kina mita 2,962. Kituo cha juu cha magari ya Titlis kiko kwenye mita 3,020, ingawa kilele chenyewe, ambacho gari halikifikii, kina mita 3,238. Hiyo miwili, basi, iko juu kidogo ya Mandara. Aiguille du Midi ina mita 3,842, yaani inaipita hata Horombo, na gari lake humchukua mtu kutoka mji wa Chamonix, ulioko mita 1,035, na kumfikisha huko kwa muda wa dakika 20 hivi. Safari ambayo mpandaji wa Marangu huimaliza kwa siku mbili, hapa mtoto huimaliza kabla ya kumaliza pakiti ya biskuti.

Mwili haupumbazwi na kasi hiyo. Kwenye mita 3,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 ya lile la ufukweni, na kwenye mita 3,842 ni kama asilimia 63, hivyo oksijeni katika kila pumzi hupungua kwa uwiano huohuo. Kijana mwenye afya atahisi wepesi wa kichwa na kuhema anapopanda ngazi, na pengine kichwa kitamuuma baadaye. Mama yangu, ambaye maisha yake yote ameyaishi Tanga kando ya bahari, alipofika Aiguille du Midi alitembea hatua chache, akaomba kuketi, na akabaki ameketi hadi tuliposhuka. Mwaka uliofuata, Zugspitze, alilizunguka baraza lote la kileleni akiwa ameushika mkono wa mjukuu wake. Umri wake ulikuwa umeongezeka, ila mlima ulikuwa umepungua kwa karibu mita 900.

Kwa sababu hiyohiyo, kampuni inayoendesha magari ya Aiguille du Midi huwakataza watoto walio chini ya miaka 3 kupanda hadi juu na haiwashauri walio chini ya miaka 5. Familia yenye mtoto mchanga inayotaka lazima kufika Chamonix haina budi kugawanyika: baadhi wapande Aiguille, na mzazi mmoja achukue treni nyekundu ya Montenvers, ambayo huishia kwenye mita 1,913 mbele ya barafu kubwa iitwayo Mer de Glace. Titlis na Zugspitze huwapokea watoto wadogo, na walio chini ya miaka 6 hupanda bila malipo, lakini mzazi wa mtoto mchanga afanye safari kwa vituo, ampe nyonyo au kitu cha kumeza wakati gari linapopanda ili masikio yasimuume, na asikae naye juu kwa saa nyingi.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vya watalii wa Ulaya hulipita kwa haraka, na ambalo kwa familia zetu ni zito: ugonjwa wa selimundu. Kanda ya Ziwa, pwani na Kongo, hakuna ukoo usiojua mtoto anayeumwa maradhi hayo, na upungufu wa oksijeni ni mojawapo ya mambo yanayoweza kuzifanya chembe nyekundu za damu zijikunje na kumletea mgonjwa maumivu makali. Mtoto au mtu mzima mwenye selimundu asipandishwe mlima wowote kati ya hii bila daktari wake kuulizwa, na kwa Aiguille du Midi mimi nisingempandisha kabisa. Tahadhari hiyo iwahusu pia wenye maradhi ya moyo na mapafu, na wajawazito. Kwao Zugspitze ina faraja yake: chini kabisa, penye kituo cha kupandia, liko ziwa la Eibsee lenye maji ya kijani-buluu na njia tambarare kwa sehemu kubwa, ambako mtu anaweza kuwangojea wenzake kwa furaha badala ya kukaa kwenye benchi la stesheni.

Theluji ya kutazama na theluji ya kushika

Katika jambo hili milima hii mitatu hutofautiana kuliko katika jambo jingine lolote, na bado ndilo ambalo picha hazilionyeshi.

Aiguille du Midi ni mwamba mwembamba kama sindano, na jina lake lina maana hiyohiyo. Juu yake wamejenga baraza za saruji na chuma, ngazi, daraja linalounganisha miamba miwili, lifti inayopanda ndani ya jiwe hadi baraza la juu kabisa, na chumba cha vioo kiitwacho Pas dans le Vide, kilichofunguliwa mwaka 2013, ambamo mgeni huvalishwa ndara laini juu ya viatu vyake na kusimama juu ya kioo, chini yake pakiwa na utupu wa zaidi ya mita 1,000. Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Alpi, uko mbele ya macho. Theluji imetanda kila upande, lakini ili kuikanyaga ni lazima kupita mlango wa pango la barafu unaotokea kwenye ukingo mkali, na mlango huo ni wa wapanda milima wenye kamba, viatu vya miiba na ujuzi. Mtoto wa miaka 7 aliyeota kufinyanga mpira wa theluji atasimama nyuma ya kizuizi akiitazama ndoto yake. Kwa kijana wa miaka 15, au kwa mtu mzima anayependa ukubwa wa maumbile, sijaona mahali panapoifikia Aiguille du Midi. Kwa mtoto mdogo naona ni mahali pa kumnyima.

Titlis imepangwa kwa ajili ya mikono na miguu. Juu ya kituo kuna uwanja wa theluji ambao familia huufikia kwa viti vya kuning'inia, na humo watoto huteleza kwa maboya ya mpira yanayofanana na mipira ya ndani ya tairi. Ndani ya barafu ya kudumu limechongwa pango lenye urefu wa takriban mita 150, ambamo joto halipandi juu ya sifuri hata Julai. Kuna pia daraja la Titlis Cliff Walk, lililofunguliwa Desemba 2012, lenye urefu wa mita 100 na upana wa mita moja tu, likining'inia kwenye mita 3,041. Mwenye kuogopa kimo anaweza kuliacha bila kupoteza chochote cha msingi, na upepo ukizidi hufungwa kwa wote. Jambo dogo litakalowafurahisha mama zetu wa pwani waliokulia na sinema za Kihindi ni kwamba juu ya Titlis imesimamishwa picha ya ukubwa wa mtu ya Shah Rukh Khan na Kajol, na foleni ya kupiga picha nayo huwa ndefu kuliko ya kahawa.

Zugspitze iko katikati ya hizo mbili. Kilele chake ni mwamba wenye baraza pana, msalaba uliopakwa dhahabu na mpaka wa Ujerumani na Austria unaopita juu ya jengo lenyewe, hivyo watoto huvuka kutoka nchi moja hadi nyingine kwa miguu na kurudi mara kumi. Theluji ya kuchezea haiko hapo kileleni. Iko chini kidogo, kwenye uwanda uitwao Zugspitzplatt, wenye mita 2,600 hivi, ambao hufikiwa kwa gari jingine dogo la kebo kwa dakika chache. Wakati wa baridi uwanda huo una njia za kuteleza kwa vigari vya mbao na plastiki, na kimo chake, kikiwa chini ya Mandara, ndicho kinachoufanya uwe rahisi kwa mapafu ya mtoto na bibi.

Lakini majira hubadili hukumu hii. Kati ya Desemba na Aprili, theluji ya Zugspitzplatt ni nene na ya kutosha, na Aprili, jua likiwa limepata nguvu, ni wakati mzuri sana kwa familia zinazosafiri likizo ya Pasaka. Kuanzia Juni hadi Septemba hali ni nyingine: uwanda huwa mawe matupu yenye mabaka ya theluji iliyochakaa. Mwaka 2022 Chuo cha Sayansi cha Bavaria kilitangaza kwamba Schneeferner ya kusini, mojawapo ya barafu za kudumu za mlima huo, imeyeyuka kiasi cha kutostahili tena kuitwa barafu ya kudumu. Aliyeona jinsi weupe wa Kibo ulivyopungua tangu utoto wake ataielewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Titlis nayo inayeyuka, na kila kiangazi wafanyakazi hufunika sehemu za barafu kwa mablanketi meupe ili kulizuia jua, lakini ndiyo inayobaki na theluji ya kuchezea kwa uhakika zaidi katika miezi ambayo shule za Tanzania na Kenya zimefungwa katikati ya mwaka.

Safari yenyewe ya angani

Kwa watoto wengi gari lenyewe ni nusu ya furaha. Gari la Zugspitze linalotumika sasa lilifunguliwa Desemba 2017. Kibanda chake huchukua watu 120, hupanda mita 1,945 kwa safari moja isiyo na kituo, na njia nzima ina nguzo moja tu, yenye urefu wa mita 127; baada ya kuipita nguzo hiyo, nyaya huning'inia kwa zaidi ya kilomita 3 bila kushikwa na kitu chochote hadi kituo cha juu. Muda wake ni dakika 10 hivi na kibanda hutulia sana. Tiketi ya kwenda na kurudi humruhusu mtu pia kutumia treni ya meno, yaani yenye gurudumu la meno linaloshika reli, iliyoanza kazi mwaka 1930, ambayo hupanda ndani ya mlima kwa njia ya handaki hadi Zugspitzplatt. Huu ndio ubora mkubwa wa Zugspitze ambao hiyo mingine haina: mwenye hofu ya kuning'inia hupanda na kushuka kwa treni, na wote wakakutana kwenye theluji.

Titlis hupandwa kwa hatua. Kutoka Engelberg, kijiji kilichoko chini ya mlima huo, vibanda vya watu 8 hupita juu ya misitu na malisho hadi ziwa la Trübsee, karibu mita 1,800, kisha hadi Stand, mita 2,428, na hapo abiria huhamia Rotair, gari la kwanza duniani lenye kuzunguka lenyewe, lililoanza mwaka 1992, ambalo hukamilisha mzunguko mmoja katika dakika zake 5 ili kila mtu aone pande zote bila kugombea dirisha. Kwa mwenye watoto, kibanda cha watu 8 ni neema, maana familia hukaa peke yake, mtoto akalia au akaimba bila kumsumbua mtu. Kushuka Trübsee kwa nusu saa kabla ya kuendelea pia huupa mwili nafasi ya kuzoea.

Gari la Aiguille du Midi ni la mwaka 1955, na sehemu yake ya pili, kutoka kituo cha kati cha Plan de l'Aiguille hadi juu, haina nguzo hata moja. Hujaa, watu husimama wakibanana, na wakati wa msimu mkubwa kila abiria hupewa namba ya kupandia ambayo lazima aifuate, kupanda na kushuka. Mwenye mtoto anayechoka upesi aliweke hilo akilini.

Gharama na namna ya kufika

Titlis ndiyo ghali kwa bei ya mlangoni: tiketi ya mtu mzima hukaribia faranga 100 za Uswisi, wakati Zugspitze na Aiguille du Midi kila moja hupita yuro 60 au 70 kutegemea majira. Lakini bei ya mlangoni si gharama ya siku. Mwenye tiketi ya watalii iitwayo Swiss Travel Pass hulipa nusu ya nauli ya Titlis, na watoto wake wa miaka 6 hadi 16 husafiri bure kwenye treni za Uswisi wakiwa na kadi ya familia. Kwa upande wa Ujerumani, tiketi ya siku iitwayo Bayern-Ticket hubeba watu wazima hadi watano kwenye treni za mkoa kutoka Munich hadi Garmisch-Partenkirchen, mji ulioko chini ya Zugspitze, safari ya chini ya saa moja na nusu, na wazazi huwachukua watoto wao walio chini ya miaka 15 bila nyongeza. Sharti lake ni kwamba siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu asubuhi, kwa hiyo Jumamosi au Jumapili ni afadhali. Familia ya watu sita au saba, ambayo kwetu ni familia ya kawaida, huokoa fedha nyingi kwa njia hiyo. Kwa Engelberg, treni kutoka Luzern huchukua dakika 43. Chamonix iko zaidi kidogo ya saa moja kwa basi kutoka Geneva.

Ningeupeleka msafara wangu wapi

Msafara wenye bibi, mtoto wa miaka 4 na watu wengi wa kulipiwa, ukija Desemba au Aprili, ningeupeleka Zugspitze bila kusita. Ukija Julai au Agosti, nao watoto wakilia theluji, ningegharamia Titlis na kubana matumizi mahali pengine, kwa mfano kwa kupika pilau usiku na kuibeba kwenye vyombo vya kuhifadhi joto, kwani chakula cha kileleni ni ghali kote na anayetafuta nyama halali hana uhakika wa kuipata. Aiguille du Midi ningewawekea vijana na watu wazima wenye afya, siku ambayo wadogo wamebaki na shangazi yao.

Mlima wowote utakaochaguliwa, nguo zisipuuzwe kwa sababu mjini kuna joto, kwa kuwa kila mita 1,000 za kupanda huondoa takriban nyuzi 6, na aliyeacha nyuzi 20 Engelberg atakuta 8 kileleni, tena kabla ya kuhesabu upepo. Viatu visivyopitisha maji na glavu za akiba kwa kila mtoto ni muhimu kuliko koti la bei kubwa. Mama mwenye kuvaa baibui avae suruali nzito ndani yake na akunje pindo, maana theluji hulowesha kitambaa hadi magotini. Miwani ya jua ni lazima kwa kila mtu, hata mtoto, kwa kuwa mwanga unaorudishwa na theluji huunguza macho, na ngozi nyeusi nayo hupasuka midomo na mashavu ikikosa mafuta.

Usiku wa kuamkia safari, na tena alfajiri, zitazameni picha za moja kwa moja za kamera za kileleni, ambazo vituo vyote vitatu huziweka kwenye intaneti. Pakionekana ukungu mtupu, ahirisheni. Ulizeni pia kama magari yamo kwenye ukarabati wa kila mwaka, ambao mara nyingi huangukia Novemba. Na mkishafika juu, kabla watoto hawajatawanyika kwenye theluji, mtu mzima mmoja asome kwenye ubao saa ya gari la mwisho la kushuka na awahesabie wenzake dakika, kwa sababu foleni ya jioni huwa ndefu kuliko ya asubuhi na watoto watakuwa wamelowa.